Je, Mwanzo Hutufunga?

Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii humsifu aliyeanza vizuri, lakini haimwambii lolote aliyeanziwa vibaya na mwingine. Katika insha hii ninauliza: je, anayerithi mwanzo usiomfaa ana wajibu wa kuuendeleza?

Ninatoka Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, mji ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000. Kwa baridi ya huko sweta si pambo, na mama yangu huzifuma kwa mkono. Kazi huanza kwa kupanga vitanzi vya kwanza kwenye sindano, na idadi yake ndiyo huamua upana wa vazi. Ukitaka ukingo wa mbavu, viwili nje viwili ndani, ni lazima idadi igawanyike kwa nne: 80 hufaa, 83 huvuruga mpangilio. Ukivikaza mno, ukingo hautanyumbuka na mabega ya mtoto hayatapita. Kwa hiyo mama hupanga vitanzi juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha huchomoa moja, ili mwanzo ubaki na nafasi. Kosa la idadi likigunduliwa kwenye safu ya 40, yeye hufumua.

Wapo wanaoona kufumua ni kudharau jasho la aliyeanza. Hoja yao si nyepesi. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, anasoma masomo ya sayansi aliyochaguliwa na baba. Yeye anataka historia na fasihi. Nyumbani anajibiwa kwamba karo imeshalipwa, na ng'ombe ameshauzwa. Ni kweli. Lakini ng'ombe huyo hatarudi zizini hata mdogo wangu akivumilia hadi mwisho. Safu 40 zilizokwisha kufumwa hazilifanyi sweta limtoshe mtoto. Swali la haki si tumetumia kiasi gani, bali ni nani atakayelivaa.

Hata hivyo, mfano wa uzi una mpaka wake. Uzi uliofumuliwa hubaki na mikunjo, lakini ukifuliwa hunyooka. Mwaka wa maisha haufuliwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwanafalsafa Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya binadamu, alieleza kwamba tendo likishatendwa haliwezi kutanguliwa, na kwamba tiba tuliyo nayo ni msamaha. Ninakubaliana naye. Mdogo wangu akibadilisha masomo, atakuwa amepoteza mwaka, na baba atakuwa amepoteza fedha na sehemu ya ndoto yake. Bila kusameheana, kila mmoja atamdai mwenzake deni lisilolipika. Baba alichagua kwa kuogopa mwanawe asikose kazi. Hofu hiyo ni upendo pia, na inastahili heshima hata pale uamuzi wenyewe unapoachwa.

Jibu langu basi ni kwamba mwanzo hautufungi, ila unatudai shukrani. Na wajibu mzito zaidi unamwangukia anayeanza. Mzazi, mwalimu na mtunga sheria hupanga vitanzi vya watu ambao bado hawajaweza kusema. Hawajui mabega hayo yatapanuka kiasi gani. Wasikaze.