Kunuka na Kunukia

Waliotuachia lugha hii waliweka irabu moja tu baina ya kunuka, jambo la kukimbiwa, na kunukia, jambo la kutafutwa kwa mali na kwa safari za bahari. Na irabu hiyo, kwa kanuni ya sarufi yetu, ni ile ya kauli ya kutendea, ambayo hudai mtu wa kutendewa, kana kwamba kitu hakinukii mpaka awepo wa kunukiwa. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1798 juu ya tabia ya binadamu, aliihesabu hisi ya kunusa kuwa hailipi taabu yake na yaweza kukoseka pasipo hasara kubwa. Pamoja na taadhima yote anayostahili, hukumu hiyo naikataa.

Tuutazame udi. Mti wake, umeao Assam na katika misitu ya Asia ya kusini-mashariki, ukiwa na siha moyo wake ni mweupe, mwepesi, usio na harufu ya kutajika. Lakini ukijeruhiwa, kuvu ikaingia jerahani, mti hujitetea kwa utomvu mzito uliokoza weusi, na ni kipande hicho kilichougua, wala si kile kizima, ambacho hutiwa chetezoni juu ya makaa, zikafukizwa kanzu na kanga, na mgeni akakirimiwa kwa moshi wake. Ambari nayo, ambayo Al-Masudi, aliyesafiri bahari yetu katika karne ya 10, aliisifu ile ya pwani ya Zanj, hufanyika ndani ya matumbo ya nyangumi, hutoka nyeusi ikinuka kama mavi, na kwa kuelea miaka katika chumvi na jua ndipo hunukia. Hata asumini ya kikuba ina ndani yake indoli, ambayo ikikithiri ni uvundo wa choo, na ikiwa chembe ndiyo roho ya ua. Basi uzuri na ubaya wa harufu haumo katika dhati ya kitu. Umo katika kiasi, katika muda, na katika anayepokea.

Huyo anayepokea alichunguzwa na Linda Buck na Richard Axel, waliogundua mwaka 1991 jeni za vipokezi vya harufu, wakatunukiwa Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo, na kila harufu huamsha kadhaa pamoja, kama herufi ziundavyo neno. Kisha habari ya pua, tofauti na ya jicho na ya sikio, hufika penye huba na kumbukumbu bila kungoja kwanza katika kituo cha kati cha ubongo. Ndiyo maana, nadhani, sisi husema tunasikia harufu, kama tusikiavyo baridi, uchungu na furaha, mambo yaingiayo bila kubisha hodi.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Watu wa mjini walijitenga naye kwa shombo la nguo zake, wala siwalaumu. Lakini mimi, niliyeshinda kutwa nikitazama bahari iliyochafuka, niliposikia shombo lile mlangoni wakati wa magharibi, kabla sijaisikia sauti yake, lilininukia.