Tembo ana dhambi?

Hapa Chinongwe tembo akipita shambani, neno la kwanza ni hili: katumwa na mchawi. Shangazi yangu hana shaka hata kidogo. Mbona, anauliza, kaacha mbaazi za jirani akaja kung'oa mihogo yangu? Namwambia mihogo ni mitamu, ananisonya.

Swali lake lina uzito, hata hivyo, maana huenda tembo ana sababu zake. Mwaka 1976 pori la akiba la Selous lilikuwa na tembo wapatao 110,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, majangili wamewamaliza. Jike mzima wa leo huenda alimwona mama yake akianguka. Akimvamia mtu, analipiza? Swali hilo hilo lipo baharini: pwani za Hispania na Ureno, tangu 2020, nyangumi wauaji wanavunja usukani wa mashua, na wataalamu wanabishana: kisasi au mchezo?

Ustadhi wetu hufundisha kuwa mnyama haandikiwi dhambi, kwani hakupewa amri. Nakubali. Ila asiye na dhambi anaweza kuwa na kinyongo, na amri tulipewa sisi, tukauza pembe, tukalima hadi kwenye mapito yao.

Shangazi hayo hayamhusu. Anadai kifuta jasho cha serikali, na kwenye fomu alitaka mtendaji aandike jina la mchawi.