Mara Nane

Kipini iko pale Mto Tana unapomwaga maji yake Ghuba ya Ungwana, na hesabu yoyote inayotoka huko ina safari ndefu. Fomu ya matokeo ya uchaguzi hutoka Kipini ikapita Witu, ambayo ni Kaunti ya Lamu, ndipo irudi Tana River hadi Garsen, kabla ya jumla yake kwenda Nairobi. Mwaka 2013 tume ya uchaguzi, IEBC, iliahidi kuifupisha safari hiyo. Msimamizi wa kituo angetuma matokeo kwa simu, na huko Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura Nairobi, yangeonekana usiku uleule.

Kwa watu wa Delta ya Tana ahadi hiyo ilikuwa na uzito. Tangu Agosti 2012 vijiji vya Riketa, Kilelengwani na Kipao vilikuwa vimeshambuliwa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, na zaidi ya watu 100 walikuwa wamekwisha kuuawa. Penye majeraha mabichi kama hayo, tarakimu inayobadilika usiku bila maelezo yaweza kuleta balaa.

Kura zikapigwa tarehe 4 Machi 2013. Matokeo yalipoanza kuingia, watu waliokuwa mbele ya televisheni waliona jambo la ajabu: kura zilizoharibika zilipanda hadi zikapita laki 3, nyingi kuliko za baadhi ya wagombea. Sababu zikatafutwa upesi, na wa kwanza kulaumiwa alikuwa mwananchi. Eti karatasi 6 za kura zimemchanganya, eti hakuelimishwa. Nijuavyo mimi, hakuna aliyeanza kwa kuishuku mashine.

Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume, Isaack Hassan, akaeleza. Programu ilikuwa na hitilafu: kila kura iliyoharibika ilikuwa ikizidishwa mara 8. Wakati huo mfumo wa kutuma matokeo ulikuwa umeanguka, na wasimamizi wa uchaguzi walikuwa wameagizwa walete fomu zao Bomas kwa mkono. Hesabu ya mwisho ya kura zilizoharibika ikawa 108,975.

Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433, asilimia 50.07 ya kura 12,330,028, hapo kura zilizoharibika zikiwa zimehesabiwa ndani. Alivuka nusu kwa kura 8,400 na kitu. Sasa chukua kalamu. Zidisha 108,975 kwa 8, upate 871,800, uiweke mahali pa 108,975 ndani ya jumla ya kura, kisha rudia hesabu ya asilimia. Mshindi anashuka hadi asilimia 47, na nchi inaingia duru ya pili. Tarehe 30 Machi Mahakama ya Juu iliamua kwamba kura zilizoharibika zisiingizwe kwenye hesabu ya asilimia, lakini wiki ile ya kuhesabu hakuna aliyejua mahakama ingesema nini.

Kwa nini 8, isiwe 3 au 10? Tume haikufungua msimbo wake tuusome, kwa hiyo ninalosema ni dhana ya watu wa kazi hii ya programu. Wagombea wa urais mwaka ule walikuwa 8. Mtu akiunganisha jedwali la vituo na jedwali la kura za wagombea, kila kituo hujitokeza mara 8, mstari mmoja kwa kila mgombea. Kura za wagombea zitajumlika sawasawa, kwani kila moja iko kwenye mstari wake. Kura zilizoharibika, ambazo ni za kituo kizima, zitajirudia katika kila mstari. Aliyewahi kuandika ripoti ya hifadhidata anaijua hitilafu hii kwa sura. Ni ya siku zote na haipigi kelele. Programu haisimami wala skrini haiwi nyekundu. Inatoa jibu, na jibu ni la uongo.

Muuza samaki wa Kipini asiyeuamini mzani wa mnunuzi huweka juu yake kitu ambacho uzito wake anaujua, pakiti ya sukari ya kilo 1, kabla hajaweka samaki. Majaribio ya programu ni hayo hayo. Tunga vituo 3 visivyokuwepo, kila kimoja na wagombea 8 na kura 5 zilizoharibika. Jumla ni 15. Programu ikisema 120, umeikamata ofisini, wiki kadhaa kabla ya taifa zima kuiona.

Lakini tazama mtego. Lau mtu angejaribu kwa mgombea mmoja tu, ili amalize haraka, jibu lingekuwa 15 na angekwenda nyumbani ameridhika, kwa kuwa 5 mara 1 ni 5. Data ya majaribio lazima ifanane na mambo yalivyo, la sivyo jaribio linakuwa shahidi wa uongo. Kwa maoni yangu hapa ndipo vijana wengi wanaoandika programu wanapoteleza, wengi kuliko hata wasiojaribu kabisa.

Wengi wao sasa wanaandika kwa lugha za skripti, Python, Lua na jamaa zao. Ni lugha za haraka, lakini zina sifa moja ya kuogopwa: makosa mengi hayajulikani mpaka mstari wenyewe ufikiwe. Katika Lua ukikosea herufi moja ya jina la kigeu, mara nyingi unapewa utupu badala ya onyo. Ndiyo maana jumuiya za lugha hizi zilianza mapema kuandika maktaba ndogo za majaribio. Lugha ya Perl ilipotoka mwaka 1987 ilikuja na majaribio yake yenyewe, na kila jaribio lililofaulu lilichapisha mstari mmoja wa maandishi: ok, pamoja na nambari yake. Mtindo huo ungali unatumika.

Maktaba ya namna hiyo kijana anaweza kuiandika mwenyewe. Inahitaji kazi ya kulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, iseme vyote viwili vinapotofautiana. Iendelee na majaribio yaliyobaki hata moja likianguka. Na mwishoni iijulishe kompyuta kama kuna lililoanguka, ili programu mbovu isipelekwe kwenye seva. Faili moja inatosha, bila kupakua kitu kingine. Wepesi wake una maana, kwani majaribio yanayokula nusu saa na bando la intaneti yataendeshwa siku ya kwanza, kisha basi.

Tena majaribio yaendeshwe kila mahali programu itakapoishi. Faili ya majina ya vituo ikiandikwa kwenye Windows huko saiba ya Garsen, kila mstari huishia kwa alama mbili zisizoonekana. Linux ya kwenye seva inatarajia moja. Alama iliyozidi inaweza kubaki imeganda kwenye neno, na "Kipini" ya faili ikakataa kulingana na "Kipini" ya seva ingawa jicho linaziona sawa. Kituo kinapotea hivihivi.

Programu ikihamishiwa mashine nyingine nayo ijaribiwe upya, na mfano wake ni wa roketi, ambazo watu wa Ghuba ya Ungwana si wageni nazo. Upande wa kusini wa ghuba, Ngomeni, ndipo Waitaliano na Wamarekani waliporusha setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Kosa la roketi ninalolitaja mimi, hata hivyo, ni la mbali, la kituo cha kurushia roketi cha Kourou, Amerika Kusini. Ariane 5 ilirithi kipande cha programu kutoka Ariane 4, ambako kilikuwa kimefanya kazi bila lawama. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda pembeni, na tarakimu hiyo haikuenea katika nafasi iliyotengewa. Tarehe 4 Juni 1996, sekunde 40 hivi baada ya kuruka, roketi ilisambaratika. Kipande kile hakikuwa kimejaribiwa kwa namba za safari ya Ariane 5.

Mwaka 2022 tume iliziweka fomu za vituo vyote, 46,229, kwenye mtandao, na raia wakajumlisha wenyewe. Huo ulikuwa uungwana. Agosti 2027 tutapiga kura tena. Naiomba tume iweke hadharani, miezi kadhaa kabla, majaribio ya programu zake za kujumlisha pamoja na data yake ya kubuni, ili kijana yeyote wa Garsen mwenye kompyuta ndogo ayaendeshe na kutuambia alichopata.