Subira Isiyovuta Heri

Wahenga walisema subira huvuta heri. Je, subira isiyovuta chochote ina thamani? Swali hili linaibuliwa na filamu ya Andy Warhol iitwayo Empire. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Julai 1964, mjini New York, Warhol na mwenzake Jonas Mekas walilielekezea kamera jengo la Empire State wakiwa ghorofa ya 41 ya jengo jingine. Walipiga picha kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa tisa. Zilipigwa picha 24 kwa sekunde, lakini huonyeshwa 16 tu, hivyo filamu huchukua saa 8 na dakika 5. Haina sauti wala kisa. Giza linaingia, taa zinawaka, na karibu na mwisho zinazimwa. Basi.

Wapo watakaosema huu ni wizi wa muda. Sikubaliani nao. Mwizi huficha nia yake, lakini filamu hii haifichi kitu: dakika kumi za kwanza zinakuonyesha utakachopata, na mlango uko wazi. Tamthilia zinazokatizwa kila siku penye taharuki ili turudi kesho ndizo zinazotushika bila kutuomba ruhusa.

Hoja nzito zaidi ni hii. Mlinzi wa hosteli yetu hapa Kampala hutazama jengo moja tangu jioni hadi alfajiri, na hakuna anayeuita usiku wake sanaa. Je, si kejeli mtu aliyeshiba kulipia tiketi ili aonje uchovu ambao mwenzake anaubeba kwa sababu ya njaa? Hoja hii inaniuma, na filamu yenyewe haiijibu.

Hata hivyo, inanisaidia kuona tofauti. Subira ya mlinzi ina ujira na ina shuruti. Ya mtazamaji ni ya hiari, haidai malipo. Anayetazama bila kutarajia faida anajizoeza kukipa kitu heshima kwa kuwa kipo tu. Hapo ndipo ninapoiona thamani yake. Lakini zoezi hilo lina deni. Mtu anayeweza kulikalia jengo saa nane, kisha akampita mlinzi getini bila hata kumjulia hali, uvumilivu wake haujamfikisha popote.