Pumziko ni la Nani?

Mtu akitembea jioni kando ya maji, hana mzigo wala safari, je, atenda kosa? Wengine husema huyo ni mvivu. Sisi twasema hapana: mwili uliochoka wahitaji upepo. Lakini liko swali jingine, gumu zaidi, nalo tulilipata katika mji wa Puerto Vallarta, nchi ya Meksiko.

Mji huo uko katika jimbo la Jalisco, penye ghuba ya bahari ya Pasifiki. Zamani uliitwa Las Peñas, nao ulikuwa mdogo. Mwaka 1963 ilipigwa karibu yake filamu iitwayo The Night of the Iguana. Habari zake zikaenea mbali, na wageni wakazidi kufika.

Ufukoni iko njia ndefu ya kwenda kwa miguu. Wenyeji huiita malecón. Jua likishuka watu hutoka: baba na watoto wake, bibi na wajukuu, vijana, na wageni wa Marekani na Kanada. Hakuna kiingilio. Tajiri na maskini wapata upepo ule ule. Juu ya mapaa waonekana mnara wa kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe, wenye taji kichwani. Taji ya kwanza iliangushwa na tetemeko la nchi mwaka 1995, ikawekwa nyingine. Twaipenda sana njia hiyo.

Hapo imesimama sanamu ya msanii Sergio Bustamante: ngazi ndefu isiyoegemea kitu, na watu wawili waipanda. Tulikuwa tukiitazama, vichwa juu. Chini yake alikaa mama mzee akiuza vikuku vya shanga. Alitaja bei. Tukabisha, si kwa kukosa fedha, bali kwa mazoea tu. Akapunguza. Tukabisha tena. Akapunguza tena, akatufungia kikuku bila kusema neno. Tukaenda zetu tukifurahi. Hatua chache mbele furaha ikaisha. Fedha tuliyookoa haikutosha kununua hata hindi moja la kuchoma. Kwake yeye labda ilikuwa nauli ya kurudi nyumbani.

Mtu atasema: «Alikubali mwenyewe, hakulazimishwa.» Ni kweli, sisi hatukumshika mkono. Uhitaji ndio uliomshika, nasi tulijua.

Mungu alipoamuru siku ya kupumzika, hakumtaja mwenye nyumba peke yake. Katika Kitabu cha Kutoka watajwa pia mtumishi, mjakazi na mgeni, hata mnyama wa kazi. Basi pumziko si mali ya mwenye fedha. Ni haki ya kila aliyechoka. Ikiwa sisi twapumzika kwa kumwongezea mwingine saa za kazi, hatukupumzika, tumemwibia.

Kesho yake tulirudi penye ngazi ile. Mama hakuwapo. Deni letu likabaki.

Wazee husema: Mpanda ngazi hushuka. Tembeeni basi, ndugu, tazameni bahari, mshukuruni Mungu. Lakini mkimkuta mtu anayeuza mahali mnapopumzika, msalimuni kwanza, kisha mlipeni bei ya haki siku ile ile. Pengine kesho hamtamwona.