HANZAL: TUNDA ZURI, LADHA CHUNGU



Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimfananisha mnafiki asiyesoma Qur'ani na hanzal: harufu haina, na ladha yake ni chungu. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Watoto wa madrasa wameuliza: hanzal ni kitu gani? Hapa Kakontwe haioti, basi tuijue kwa alama zake.

Ni mmea wa jangwani, wa jamaa moja na tikiti maji. Hutambaa mchangani kama maboga yanavyotambaa shambani kwetu. Majani yake yanakwaruza, yamechanika kama ya tikiti; ua lake ni dogo, la manjano. Tunda ni la mviringo, kadiri ya chungwa, la kijani lenye mistari. Likiiva huwa la manjano. Ndani mna nyama nyeupe kama sifongo, chungu mno. Huendesha tumbo kwa nguvu na laweza kudhuru. Ukiuziwa kama dawa usilitumie ovyo, hasa mama mwenye mimba.

Ndugu yangu, kwa macho utasema ni tikiti changa. Nasi Ijumaa tunakuja na kanzu nyeupe. Lakini jirani akituonja sokoni, katika mizani na katika deni, anaonja nini? Hanzal haiwezi kugeuka tamu. Wewe waweza kutubu leo: fungua Msahafu, rudisha haki ya mtu.

Allah atuepushe na unafiki. Amin.