Zamani Raha? Kombolela na Mkombozi Wetu



Kijana mwenzangu, siku hizi tukikutana watu wa rika letu, hata pale nje ya kanisa baada ya Misa, mazungumzo hayachelewi kurudi nyuma. "Unakumbuka rede?" "Unakumbuka magari ya waya, matairi ya kandambili?" Mmoja anataja ubuyu uliotupaka ulimi rangi nyekundu, mwingine barafu za ukwaju, mwingine zile kelele za mtaa mzima umeme ukirudi. Tunacheka mpaka machozi. Halafu mtu anashusha pumzi na kusema, "Aisee, bora tungebaki watoto."

Tunasema kwa utani, lakini si utani wote. Yupo anayesema hivyo huku amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, kazi hana, na deni la mkopo linamsubiri. Yupo aliyemzika mzazi. Yupo ambaye kila jioni anategemea mkeka wa mechi umtoe. Basi tujiulize: hamu hii ya utoto inatupeleka wapi?

Kumbukumbu huchagua

Mhubiri (7:10) anatuonya kwamba si hekima kuuliza kwa nini siku za kale zilikuwa bora kuliko hizi. Na ukisoma Hesabu 11 utawakuta Waisraeli jangwani wakililia samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu saumu. Orodha ya vyakula wanaikumbuka vizuri kabisa! Ila fimbo ya msimamizi haimo kwenye orodha.

Likizo moja nilikuwa namkumbusha mama yangu jinsi Krismasi zetu zilivyokuwa tamu: nguo mpya, pilau, soda moja kila mtoto. Akacheka, akaniambia, "Ninyi mlikuwa mnafurahia. Mimi hizo nguo nilikuwa nadaiwa dukani mpaka Kwaresima." Nilikaa kimya. Kumbe utoto wetu haukukosa shida. Shida ilikuwa na mtu wa kuibeba.

Tunachokikosa hasa

Je, basi hamu hii ni upuuzi? Hapana. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anaona kwamba watu wote wanaitamani heri, na kwamba hatuwezi kukipenda kitu tusichokijua kabisa. Anaichunguza kumbukumbu yake chumba kwa chumba, na mwisho wa safari hiyo anamtafuta Mungu mwenyewe. Nilipokuwa nasoma falsafa, jambo hili lilinikaa sana. Kumbukumbu tamu si mahali pa kuhamia. Ni kama harufu ya chakula: inakuambia jiko liko wapi.

Maana tuseme ukweli, ubuyu bado unauzwa. Nunua leo, kula. Ni mtamu, lakini siyo ule. Tunachokikosa ni kulala usingizi bila kufunga mlango wewe, kwa sababu unajua kuna mtu ataufunga. Tunakosa kuaminia.

Na Yesu, katika Mathayo 18:3, hasemi tubaki watoto. Anasema tuongoke, tuwe kama watoto. Mtazame Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1886, akiwa na miaka 13, alirudi kutoka Misa akitarajia zawadi ndani ya viatu vyake, desturi ya watoto. Akamsikia baba yake, aliyekuwa amechoka, akisema heri huu ni mwaka wa mwisho. Teresia alikuwa mtu wa kulia kwa jambo dogo. Safari hii alimeza machozi, akashuka, akafungua zawadi kwa furaha mpaka baba naye akafurahi. Yeye aliiita siku hiyo neema ya kuutoka utoto. Na ndiye huyohuyo aliyekuja kutufundisha njia ndogo, ya kumtegemea Mungu kama mtoto! Aliacha utoto wa kudai, akashika utoto wa kuamini.

Aliyetoka mafichoni

Sasa turudi mtaani, tucheze kombolela. Mmoja analinda kopo, wengine wanajificha. Ukionekana unatajwa jina, unasimama pembeni, umekwisha. Wanaweza kukamatwa kumi. Lakini akibaki mmoja tu gizani, mateka wote wana tumaini. Akichomoka mbio na kulipiga teke lile kopo kabla mlinzi hajafika, wote wanakuwa huru. Kelele zake sasa!

Jina lenyewe la mchezo linatuhubiria: kukomboa. Yule aliyejificha alikuwa salama pale alipo, lakini alitoka kwa ajili ya waliokamatwa. Ndivyo Paulo anavyomweleza Kristo katika Wafilipi 2: hakung'ang'ania nafasi yake, alijishusha, akaja mpaka msalabani.

Labda wewe unasoma hapa na utoto wako haukuwa na raha yoyote. Ulifiwa mapema, au ulipigwa, au ulilala njaa. Wenzako wakianza "unakumbuka", wewe unaangalia chini. Ndugu yangu, Baba tunayemsema hayupo nyuma yako tu. Yupo mbele, anakungoja. Hujachelewa kuwa mtoto wake.

Na sisi sote, tuangalie nyumbani. Yuko mdogo wako, au mtoto wa dada, ambaye utoto wake unaendelea sasa hivi. Miaka ishirini ijayo atasema "zamani raha", na hiyo zamani yenyewe ni leo. Nani anambebea shida ili yeye acheze? Zamu ni yetu.

Zoezi la wiki

Mpigie mzazi au mlezi wako, muulize alibeba nini ulipokuwa mdogo, kisha mshukuru. Halafu zima simu saa moja, ukacheze na watoto. Kombolela ikiwezekana.

Tusali

Ee Yesu, uliyekuwa mtoto Nazareti, asante kwa wote waliolipa gharama ya furaha zetu. Ponya utoto ulioumizwa. Utupe moyo wa kumtegemea Baba, na miguu ya kutoka mafichoni kwa ajili ya wenzetu. Amina.